Udi Uliotoka Mapema

Jumamosi. Tangu asubuhi hewa imesimama. Unyevu umeganda kwenye madirisha, hata maduka ya magari ya ng'ambo ya barabara hayaonekani sawasawa. Nimejimiminia chai mara kadhaa na sijakimaliza kikombe hata kimoja.

Situlii. Nakaa, nasimama, naichukua simu, naiweka kifudifudi, naigeuza tena.

Namsubiri Lyuda. Kila Jumamosi baada ya alasiri huja hapa kwetu Wattaya, mjini Muscat, kumfanyisha Mama mazoezi ya goti. Leo sijui kama atakuja. Ningekuwa mimi yeye, nisingekuja.

Niandike yote, labda mikono yangu itapata la kufanya.

Kazi yangu ni kupanga hafla. Watu huniita niwaambie nani akae wapi, nani atangulie kuingia, kahawa imiminwe lini na halwa ifuate lini. Nina kiofisi Ruwi, juu ya duka la vitambaa, na nina jina. Mgeni wa nje akitaka kumkaribisha mkubwa wa Kiomani bila ya kumuudhi, huambiwa amtafute Nasra. Nimejivunia hilo miaka yote, tena kwa sauti ya juu.

Juzi Alhamisi jioni ilikuwa hafla ya Wakorea na Wakazakhi. Korea Kusini na Kazakhstan zimekuwa na uhusiano wa kibalozi tangu mwanzo wa miaka ya tisini, na wenyewe waliopo hapa Muscat walitaka kuuadhimisha pamoja, kwa mtindo wa nchi iliyowapokea: majlis, yaani baraza la kupokelea wageni, mazulia, kahawa, hotuba fupi. Bwana Seo alishughulikia upande wa Wakorea, Bwana Yerlan upande wa Wakazakhi. Watu wapole wote wawili, na wote wawili wanaogopa kukosea. Wiki nzima walikuwa wananipigia simu kwa zamu, huyu akiuliza bendera ipi ikae kulia, yule akiuliza mwenzake kajibiwa nini.

Sasa Lyuda. Kwa sura na jina la ukoo ni Mkorea. Kwa pasipoti ni Mkazakhi. Akiota, huota kwa Kirusi. Mababu zake walikuwa Wakorea wakiishi mashariki ya mbali ya Urusi, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili wakubwa wa Kisovieti waliwapakia kwenye matreni, wao na jirani zao wote, wakawashusha kwenye nyika ya Kazakhstan, mahali panaitwa Ushtobe, wakati baridi inaanza. Hapakuwa na nyumba. Walichimba mashimo ardhini wakalala humo. Bibi yake Lyuda alikuwa mtoto, na alichokikumbuka mpaka anakufa ni wanawake wa Kikazakhi waliokuja na mikate kwenye vitambaa. Wanawake hao hawakujua hata neno moja la Kikorea. Waliiweka mikate mbele yao, wakakaa nao kidogo, wakaenda zao.

Lyuda alinisimulia haya huku anambana Mama goti, kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kiarabu cha hospitali, namna tunavyozungumza siku zote. Mimi nikasema moyoni kwamba uhusiano wa nchi mbili huanza hapo, mabalozi huja kuhesabiwa baadaye.

Bibi huyo alimfundisha Kikorea. Lakini ni Kikorea cha zamani, cha jikoni, cha watu wa kaskazini. Lyuda alipofika Muscat alijaribu kukizungumza na mgonjwa mmoja aliyetoka Seoul. Yule mama alitabasamu, kwa wema tu, kama unavyomtabasamia mtoto anayesoma shairi. Tangu siku hiyo Lyuda akafunga mdomo. Akikutana na Mkorea humsalimia kwa Kiingereza.

Bwana Seo na Bwana Yerlan, kila mmoja kwa wakati wake, walimwomba aseme maneno machache mwishoni mwa hafla. Wote wawili walimwita daraja.

"Daraja watu hulikanyaga," aliniambia, na akakataa.

Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia awasalimie Wakorea kwa Kikorea cha bibi yake, kisha awashukuru Wakazakhi kwa Kikazakhi kwa ile mikate, basi. Nilimwambia hakuna atakayemcheka, mimi nipo. Mwishowe akasema sawa, lakini kwa sharti moja: atatengeneza ile saladi ya karoti.

Saladi yenyewe ni kichekesho. Karoti zilizokatwa nyembamba, siki, giligilani, pilipili, na kitunguu thomu kilichomwagiwa mafuta yanayotokota. Kazakhstan nzima inaiita saladi ya Kikorea. Wakorea wa Alhamisi hawakuwahi kuiona maishani mwao. Bwana Seo alilitazama bakuli kwa adabu, akauliza kama ni chakula cha Kizanzibari.

Nilicheka sana. Ndicho kicheko changu cha mwisho hadi leo.

Mpango ulikuwa hivi: kahawa, hotuba za mabalozi wawili, chakula, kisha halwa na kahawa ya pili, na hapo kwenye halwa ndipo Lyuda azungumze. Halafu udi na marashi, watu waondoke. Kwa Waomani, kila aliyelelewa hapa anajua, udi ni wa mwisho. Chetezo kikishazungushwa, mgeni hujifukiza ndevu na kilemba, hushukuru, na hunyanyuka. Hakai tena. Kukaa baada ya udi ni ukosefu wa adabu, na kumletea mtu udi mapema ni kumwambia, kwa upole wote, kwamba umemchoka.

Mama alikuja kunisaidia. Hakuna anayemimina kahawa kama yeye, na mimi hupenda kuwa naye kazini kwa sababu hunitia moyo hata akiwa ananigombeza. Tulikuwa kwenye ukumbi mwembamba uliopo kati ya jiko na majlis. Chakula kilishaondolewa, halwa bado haijaingia, na ile harufu ya kitunguu thomu imejaa kote, imeshika hata mapazia. Nikamwambia Mama, kwa haraka, huku naangalia sahani:

"Mama, hebu tia udi kidogo, harufu hii imezidi."

Nilikusudia pale pale ukumbini. Nikaingia jikoni kukagua halwa.

Nilipotoka, Mama yuko katikati ya majlis na chetezo mkononi, anachechemea kwa heshima zote, na amekwenda moja kwa moja kwa mgeni rasmi. Ni mzee wa Kiomani, mtu mkubwa, mstaarabu sana. Alikitazama chetezo, akanitazama mimi mlangoni, akaelewa alivyoelewa. Akajifukiza. Akasimama.

Akisimama yeye, mabalozi nao wanasimama kumsindikiza. Waomani waliobaki wanasimama. Wakorea na Wakazakhi, wakiona kila mtu amesimama, nao wanatafuta viatu vyao. Kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, majlis ilikuwa tupu na halwa haijaguswa.

Lyuda alikuwa amesimama karibu na pazia, na gauni lake la buluu, mikono ameikutanisha mbele. Alikuwa anangoja jina lake liitwe.

Nilimfuata mpaka nje. Alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Jana asubuhi aliniandikia: "Nimeelewa. Asante kwa kujaribu." Nikamjibu kwa maneno mengi. Hakujibu. Ameelewa nini? Ameelewa kwamba kuna mtu hakutaka azungumze, na hafla ikakatwa kwa sababu yake. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mwanamke aliyefunga mdomo miaka yote kwa sababu ya tabasamu moja, mimi nikamshawishi aufungue, halafu nikamzimia taa.

Na si yeye tu. Bwana Yerlan alipiga simu jana baada ya sala ya Ijumaa. Aliuliza kwa upole sana kama wenzake wa upande wa pili waliomba hafla ifupishwe. Pengine, alisema, hawakupenda Kikorea cha aina ile kisikike mbele ya watu.

Nikajibu, "Sijui."

Baadaye akapiga Bwana Seo. Yeye naye aliuliza kama Wakazakhi hawakutaka habari za treni na mashimo zitajwe kwenye sherehe. Huyo nikamwambia mgeni rasmi alikuwa na safari.

Kwa hiyo sasa nchi mbili, ambazo hazikuwa na ugomvi wowote Alhamisi mchana, kila moja inadhani nyingine ilimnyamazisha Lyuda. Na mtu pekee anayejua ukweli amekaa Wattaya, anageuza simu.

Kwa nini sikusema?

Ningependa kuandika kwamba ni kwa sababu ya mgeni rasmi, nisimwaibishe kwa kusema alifukuzwa bila ya kukusudiwa. Ni sababu nzuri, na niliitumia kwa nafsi yangu jana mchana kutwa. Leo asubuhi imeisha nguvu.

Sababu yenyewe ni hii. Mama alizaliwa Unguja, akaletwa Muscat akiwa msichana. Kule waliitwa Wamanga, watu wa Uarabuni. Huku wakaitwa Wazanzibari. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na shuleni nilikuwa nikisahau nikasema neno la Kiswahili, wasichana wananigeukia. Nikajifunza mila za hapa kwa bidii ya mtu anayeogopa kuulizwa swali. Kikombe cha kahawa kinatikiswa mara ngapi kuonyesha umetosheka, nani anaanzwa, mkono upi. Nilijifunza mpaka Waomani wa asili wakawa wananiuliza mimi. Halafu Alhamisi, mbele ya watu wa nchi tatu, udi wetu ukatoka wakati si wake. Kusema ukweli ni kusema kwamba sisi bado ni wale wale waliokuja na mabegi.

Nimeona haya. Ndiyo hiyo tu.

Mchana nilishindwa kujizuia, nikamuuliza Mama. Alikuwa kitandani amenyoosha mguu, anachambua tende.

"Mama, miaka yote hii upo Muscat. Hujui udi wa hapa ni wa kuagia?"

"Khaa! Nisijue nna wazimu?"

"Sasa kwa nini ulimpelekea yule mzee?"

Aliacha tende akanitazama. Nilidhani atanigombeza.

"We ulinambia kwa Kiswahili, nami n'kafanya kwa Kiswahili," alisema. "Nyumbani kwa bibi yako mgeni akiingia tu, chetezo kishafika. Mtu mkubwa vile kakaa, kala, hata hajafukizwa, n'kaona aibu. Ungelinambia kwa Kiarabu, ningelikuuliza mara mbili."

Kisha akauliza, "Na yule mtoto? Kasemaje?"

Yule mtoto ni Lyuda, ambaye ana mvi. Nikamwambia hajasema kitu. Mama akarudi kwenye tende zake, lakini nikaona hazichambui, anazihamisha tu kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Nimeandika mpaka hapa, na adhana ya alasiri inaadhiniwa. Naweka kompyuta pembeni.

*

Alikuja.

Kengele ilipolia nilifika mlangoni bila ya viatu. Lyuda alikuwa na begi lake la kazi na uso wa kazi. Alinisalimia kama anavyowasalimia jamaa wa wagonjwa wake, akapita moja kwa moja kwa Mama aliyekuwa amekaa kwenye kochi la sebuleni.

Lazima nieleze kwamba Lyuda ana maneno machache ya Kiswahili, yote ya goti. Mama alikataa kabisa kuamrishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo akamfundisha.

"Kaa, Mama," alisema Lyuda. "Kunja. Nyosha. Kunja."

Mama akakunja, akanyoosha. Mimi nimesimama na trei ya kahawa, sijui niiweke wapi. Mwisho niliiweka sakafuni, nikakaa hapo hapo karibu nayo, nikasema.

Nilisema yote. Harufu, ukumbi, nilivyomwambia Mama, alivyosikia yeye, maana ya udi kwa Waomani na maana yake kwetu. Nilisema na zile simu mbili, ile "sijui" na ile safari ya uongo ya mgeni rasmi. Nilisema kwamba nilificha kwa sababu niliionea haya asili yangu. Hilo lilitoka bovu, kwa Kiarabu nusu na Kiingereza nusu, na sikulirudia.

Lyuda hakuondoa mikono kwenye goti la Mama.

"Kwa hiyo hakuna aliyenikataza?"

"Hakuna. Ni sisi. Ni kitunguu thomu chako, na chetezo cha Mama."

"Wakorea hawakusema kitu?"

"Hawakusema kitu. Wanadhani ni Wakazakhi waliokataa."

"Na Wakazakhi?"

"Wanadhani ni Wakorea."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, halafu akajifunika uso kwa mikono ambayo bado ilikuwa na mafuta ya dawa ya Mama. Alisema siku mbili hizi amekuwa akimlaumu bibi yake aliyekufa kwa kumfundisha lugha isiyotakiwa na mtu. Alisema jana alitaka kunifuta kwenye simu yake na hakuweza, kwa sababu namba ya Mama ni hiyo hiyo yangu. Nilimpa kitambaa.

Mama hakuelewa hata nusu ya tuliyosema, lakini machozi hayahitaji mkalimani. Alijiinua, akakataa mkono wangu, akaenda jikoni anachechemea. Nikasikia kiberiti. Nikasikia kifuniko cha kopo.

Alirudi na chetezo.

Makaa mekundu, udi mzuri, ule anaouficha wa Idi. Kahawa haijamiminwa, halwa haijatoka, mgeni hata maji hajanywa. Akaja nacho taratibu mpaka mbele ya Lyuda, akauelekeza moshi kwenye nywele zake, upande huu na upande huu.

Lyuda akaniangalia. Alikuwa ameshanisikiliza vizuri mno. Akafunga zipu ya begi, akalitia begani, akasimama ili aage.

Mama akamwekea mkono begani na kumsukuma chini.

"Kaa," alimwambia.

Ni neno ambalo Lyuda anamwambia yeye kila Jumamosi. Alilielewa. Akakaa, begi likiwa bado begani, na moshi ukampanda usoni.

Sijui ni nani aliyemwomba. Nadhani hakuna. Alikohoa kidogo kwa ule moshi, akakutanisha mikono mbele kama alivyoikutanisha Alhamisi karibu na pazia, akaanza. Alizungumza Kikorea cha bibi yake, mwanzo kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kula. Halafu akageukia Kikazakhi. Mama alikaa wima, mikono mapajani, anasikiliza kama anavyosikiliza maulidi. Mimi nilielewa maneno mawili tu. La kwanza ni Ushtobe. La pili ni nan, ambalo ni mkate, na ambalo kila tanuri la mkate la mtaa wa Hamriya linalijua.

Alipomaliza, niliogopa Mama atatabasamu vibaya, bila ya kujua.

"Kasema nini?" Mama aliniuliza.

"Kawashukuru watu waliowapa mkate."

"Basi tule," alisema Mama. "Kalete ile halwa ya Alhamisi, haikuguswa na mtu."

Tumeila. Lyuda amekula zaidi kuliko sote, na kabla ya kuondoka alimkunjisha Mama goti tena, kwa sababu tulikuwa tumeishia katikati.

Nimekaa tena mbele ya kompyuta. Bado sijatulia, na sidhani kama nitatulia kabla sijapiga zile simu. Kesho Jumapili watu wanarudi kazini. Nitaanza na Bwana Yerlan, kwa sababu ile "sijui" ni mbaya kuliko safari. Kisha Bwana Seo. Kisha, nikipata ujasiri, nitakwenda kwa yule mzee mgeni rasmi na sahani ya halwa, nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Nitawaambia wote kitu kimoja: hakuna aliyemnyamazisha mtu, ule ulikuwa udi wa kwetu. Wakiamua kutafuta mpangaji mwingine wa hafla, ni haki yao.

Halafu nitawaalika hapa Wattaya, kwenye kochi hili, wamsikilize Lyuda. Nimeshamuuliza. Amesema sawa, kwa sharti la saladi.

Na mlangoni, kabla hawajavua viatu, nitawaeleza mila ya nyumba hii: moshi ukija mapema, wasinyanyuke.